Mume Wangu Alimjibu Daktari Kuwa Hakuna Dawa Nyingine

Admin, nifiche. Majina humu nimebadilisha. Nina miaka thelathini na nne, nimeolewa, naishi Maisaka hapa Babati mjini na ni karani ofisini. Tuna mtoto mmoja, Neema, yuko darasa la pili.

Neema alikuwa hatulii. Darasani anaandika nusu mstari, anainuka. Tulimpeleka hospitali kubwa nje ya mkoa, wakasema ana tatizo la umakini, akaanzishiwa dawa ya kuusaidia ubongo ufuate jambo moja hadi mwisho. Ilimfaa. Mwalimu wake alinisimamisha getini: "Mama Neema, leo amemaliza hesabu zote, ananidai nyingine!"

Kasoro yake, ilimkata hamu ya kula. Akakonda. Mama mkwe alishuka kutoka Mbulu kutusalimia, na kwao mtoto mwembamba ni aibu ya mama yake. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba. Huyu mnamlisha au mnamtazama tu?" Akakaa ili amlee mjukuu. Nikiwa kazini, yeye ndiye aliyempa uji na maziwa ya mgando. Haikupita muda Neema akajaa mashavu. Nilimshukuru mama mkwe mbele ya wageni. Akacheka, "Mmesoma, lakini kulea hamjui."

Kisha mtoto akabadilika. Halali, analia kwa jambo dogo, shuleni anapiga wenzake. Tuliporudi hospitali daktari aliuliza, "Kuna dawa nyingine anayotumia?" Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu, "Hakuna." Daktari akaona dawa ya umakini imemkataa, akaisimamisha. Neema akarudi kwenye nusu mstari.

Uso ukazidi kuvimba, tumboni ikatokea michirizi. Safari iliyofuata walimpima damu asubuhi kuangalia homoni ambayo mwili huitoa ukiwa kwenye msongo. Ilikuwa chini mno. Daktari akauliza, "Nani anampa vidonge vya kunenepesha?"

Mume wangu aliangalia viatu vyake. "Ni mama. Anavisaga kwenye maziwa."

Daktari alitueleza polepole. Vidonge vile vinafanya kazi kama homoni hiyo hiyo ya msongo, ila vimetoka kiwandani. Mwili ukiletewa kutoka nje, tezi zake zinaacha kutengeneza. Kukosa usingizi na hasira huenda vilitokana na vidonge hivyo, si dawa ya umakini. Wala haviachwi ghafla: vinapunguzwa kidogo kidogo kwa dozi ya hospitali, kwani akikatishwa anaweza kuzimia, na akipata homa anaweza hata kufa.

Tulipotoka nje nilimuuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mama alipoanza."

"Na siku ile ulipoulizwa?"

"Ulitaka nimwaibishe mama yangu mbele ya daktari?"

Mama mkwe alikosea, lakini alidhani anamjenga mtoto. Mume wangu aliulizwa na mtaalamu, mtoto amekaa katikati yetu, akachagua kudanganya. Akaona binti yake ananyang'anywa dawa iliyomfaa, tukarudi nyumbani, akala nilichopika, akanitakia usiku mwema.

Mama mkwe amesharudi Mbulu, na sasa ukoo wao umeambiwa nimemwita bibi mchawi. Neno hilo halijatoka kinywani mwangu. Mume wangu anataka niende Mbulu nikamwombe mama yake radhi mbele ya wazee, na Neema abaki huko likizo nzima "ili watu waone hakuna ugomvi." Nilipomkumbusha dozi alisema, "Mama ameshakubali kuacha vidonge vyake. Na hivi vya hospitali vya nini tena? Mwache mtoto apumzike na dawa."

Yaani hata alichoelezwa hospitali hakukisikia, au alikisikia na mama yake bado ni mkubwa kuliko uhai wa Neema.

Nikikataa, amesema nichukue nguo zangu niende kwa dada yangu huko Singe, na mtoto atabaki kwa baba yake. Shule inafunga wiki ijayo. Mlio na watoto wanaoishi kwa dawa, na mliowahi kupambana na wakwe, nisaidieni mawazo: niende naye Mbulu nikapige magoti, nikimpa dozi kwa mkono wangu, au niondoke na Neema kabla shule haijafunga?