Kupatana Bei na Honfleur

Siku ile tulikuwa wanne sebuleni, ghorofa ya kumi na moja, si mbali na stesheni ya gari moshi ya Guangzhou. Mimi. Binti yangu wa pili, mnunuzi wa viatu kwenye soko la Zhanxi. Mumewe, Mkongo wa Lubumbashi, aliyemuoa huko huko Uchina na mahari ikanijia Mombasa kwa mkono wa rafiki. Na jirani wa mlango wa pili, mama wa Nairobi anayenunua suruali za jinzi barabara ya Guangyuan Xilu, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu ila alikuja kuazima kitunguu akakaa. Majina yao ninayo yote, na ya wazazi wao pia, lakini wote wako hai na wanajua kusoma, kwa hiyo sitayaandika.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mkwe wangu alipooa aliahidi kumpeleka mkewe Ufaransa, kwenye mji mdogo wenye bandari, wakae, wale vitu vya baharini na wasitazame kiatu hata kimoja. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Kifaransa alikipata shuleni kwao. Ahadi ilikuwa imeingia mwaka wa sita na binti yangu alikuwa ameacha kuikumbusha. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi mkwe wangu. Aliniambia jikoni, "Mama, akinyamaza hivi, ni kusema ameshaniacha mu roho."

Nafasi yao ilikuwa moja tu kwa mwaka: Mwaka Mpya wa Wachina, viwanda vikifungwa, Zhanxi ikinyamaza na hata wasukuma mikokoteni wakienda makwao. Kwamba Ufaransa wakati huo baridi inagandisha meno, hilo halikuwa na dawa.

Basi mkwe wangu akafungua kompyuta atuonyeshe picha, nasi tukachagua miji kama tunavyochagua viatu: huu weka, huu toa. Wa kwanza ulikuwa Cassis, upande wenye jua.

"Hizi boti ni za matajiri," jirani aliniambia. "Samaki hapa wanaletwa na lori. Shosho, niamini."

Ukatoka. Ukaja Saint-Malo, mji uliozungushiwa ukuta. Binti yangu akasema yeye anaishi ndani ya ukuta wa maboksi, hahitaji kupanda ndege kwenda kuona mwingine. Ukaja Cancale. Mpigapicha alifika maji yametoka, mashua zimelala ubavu juu ya tope. Mkwe wangu akaeleza kwamba ndiko wanakofugwa chaza, unawala pale pale ukingoni kwa ndimu.

"Bandari isiyo na maji?" alisema binti yangu. "Huo ni mzigo mbovu. Rudisha."

Halafu ikaja Honfleur. Nyumba nyembamba, ndefu, zimebanana kulizunguka bwawa la mashua kama watu ndani ya lifti, na chini meza za kulia kome na kamba. Binti yangu alisogeza kiti. Akaikuza picha mpaka sahani za mezani zikaonekana.

"Huu," alisema.

Hoteli nyingi zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya baridi. Moja ndogo ilikuwa wazi, na ilikuwa na chumba kimoja kinachotazama bandari. Saa kumi na moja yetu ya jioni, kwao asubuhi, mkwe wangu akapiga simu, sauti ikasikika chumba kizima. Akajibu mwanamke mpole. Chumba kipo. Akataja bei.

"Mwambie tai gui," alisema binti yangu. Ndilo neno letu la sokoni, ghali mno.

"Sheri wangu, hii ni hoteli," alisema mumewe.

"Laoban ni laoban, bosi ni bosi, awe na hoteli awe na ndala. Mwambie tunachukua siku tano, atupe bei ya jumla."

Mkwe wangu akatafsiri huku anatazama dari. Mwanamke akacheka kidogo, akasema bei ni ile ile.

"Toka tu, dada," jirani alinong'ona. "Atakuita."

Asiyewahi kununua Zhanxi nimweleze. Muuzaji akikaza, unaweka kiatu chini na kuondoka bila kugeuka. Kabla hujafika duka la tatu anakuita na wewe bosi, laoban, laoban, rudi. Binti yangu alikuwa bingwa wa kuondoka. Sasa mtu anaondokaje kwenye simu? Mkono ukapita juu ya meza, simu ikakatwa.

Tukangoja. Nikamimina chai.

"Mwache ajifikirie," alisema jirani.

Chai ikapoa. Mkwe wangu akasema taratibu, "Haiko na numero yetu."

"Kwa nini hukumpa?" aliuliza binti yangu.

"Mumenikatia."

Nakiri nilicheka, tena mimi wa kwanza. Akapiga tena. Chumba kilikuwa kimechukuliwa. Akaweka simu chini, akaenda jikoni, tukamsikia anaosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Kicheko kikaniisha. Jirani akakumbuka kitunguu chake, akaaga.

Binti yangu alitazama mlango wa jikoni. Kisha akaivuta kompyuta, akaitafuta Cancale mwenyewe.

"Njoo umpigie huyu," aliita.

"Ulisema bandari haina maji."

"Maji yatarudi. Piga. Mimi sisemi kitu."

Akavuta pindo la mtandio wangu akaling'ata. Mkwe wangu akazungumza, akaandika bei kwenye karatasi. Binti yangu akaiona. Mguu wake ukageuka wenyewe kuelekea mlangoni, lakini mwenyewe akabaki amekaa kitini. Mkwe wangu akakubali kwa Kifaransa, wi, akashukuru, mersi, basi.

Walikwenda. Mkwe wangu anasimulia kwamba walikula chaza wamesimama, makoti yamefungwa hadi kidevuni, na mkewe alikula mpaka muuzaji akamuuliza kama yu mzima. Nao wakarudi wakizungumza mambo mengine mbali na makontena ya viatu.

Linalonisumbua ni moja. Binti yangu mpaka leo anaapa laini ilijikata yenyewe. Jirani, aliyekwisharudi Nairobi, anasema aliyebonyeza ni mimi. Mimi naukumbuka mkono wenye pete ya fedha, ila siku zile binti yangu na mimi sote wawili tulivaa pete kama hiyo. Kama kuna aliyesimuliwa na mmoja wao kinyume cha nilivyoandika, anisahihishe, na nikiwa ni mimi aniambie polepole.