Dakika Tatu Zisizomo Kwenye Kaseti

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu Salma, kitinda mimba wetu Hamdu, Bi Zuwena muuguzi wa ghorofa ya juu, na Bwana Jayanti mwenye duka kule Queensbury, mzaliwa wa Unguja kama sisi. Watu watano katika chumba kimoja cha Wembley, London, na redio kaseti katikati ya mkeka kama mgeni wa heshima.

Enzi zetu, matokeo ya mpira wa nyumbani hayakuja kwa simu. Wazee wetu walitutoa Unguja baada ya mapinduzi, timu yetu ya Mkuki ikabaki. Basi ami yetu alikuwa akirekodi mechi redioni na kumpa msafiri yeyote, na baada ya wiki mbili kaseti inatufikia ikinukia karafuu. Kipindi cha kwanza upande mmoja, cha pili upande wa pili. Mapumziko ni kuigeuza kaseti na kumimina chai. Mama, kabla hajamfuata baba kaburini, alituachia sheria moja: "Aliyekwisha kujua matokeo afumbe mdomo. Usimwibie mwenzako utamu."

Mimi niliacha shule nina miaka kumi na tano, nikaingia kazi ya kufua mashuka ya hoteli ili wadogo zangu waendelee kusoma. Jumapili ya kaseti ndiyo ilikuwa sikukuu yetu. Lakini msimu ule Mkuki ilifungwa na kila mwenye miguu. Kipa wetu alidaka kila kitu isipokuwa mpira. Bwana Jayanti, shabiki wa watani wetu, alisema mkuki wa mwaka huo hauchomi hata papai bivu. Tulicheka sote, isipokuwa Hamdu. Alikuwa na miaka tisa, sura ya baba haikumbuki, ila alijua kwamba Mkuki ilikuwa timu ya baba.

Ikaja kaseti ya mechi ya mwisho, dhidi ya watani. Tukipata sare, tunabaki daraja la kwanza. Tukifungwa, tunashuka.

Hadi mapumziko tulikuwa nyuma bao moja. Hakuna aliyegusa mahamri ya Bi Zuwena. Nikaigeuza kaseti. Mtangazaji akaanza kukimbia na maneno, krosi, kichwa, na Mkuki wakasawazisha. Salma alimrukia Bi Zuwena, ambaye mpira haujui, naye akapiga vigelegele kama yuko harusini. Chai ikamwagikia suruali ya Bwana Jayanti. Tukahesabu dakika kwa vidole. Themanini na nane. Themanini na tisa. Watani wakapata kona, mtangazaji akavuta pumzi, na kaseti ikakatika, tak.

Hamdu ndiye aliyesema. "Sare. Tumebaki."

Tulikumbatiana hata jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Jumatano nikapokea barua ya ami, nikaisoma ndani ya basi la kwenda kazini. Mwamuzi aliongeza dakika tatu. Kona ile ile, bao, tumeshuka. Jioni Hamdu akaniuliza, "Dada, ami kaandika nini?"

"Anakusalimu," nikasema.

Jumamosi tulikwenda dukani kwa Bwana Jayanti. Aliniinamia juu ya kaunta, akaninong'oneza kwamba kaka yake naye amemwandikia. Nikangoja kejeli. Akamgeukia Hamdu, akampa peremende. "Hongera, bwana Mkuki. Mwaka huu mmeniweza."

Mechi za daraja la pili redio haikuzitangaza, kwa hiyo kaseti zikakoma. Nilimwambia Hamdu kwamba mashine ya ami imeharibika.

Watoto wa siku hizi hujua bao kabla mfungaji hajamaliza kushangilia. Ukiwaambia tulingoja wiki mbili, wanakujibu kwa Kiingereza kwamba wanakuonea huruma. Mimi nawaonea wao. Hakuna kinachowakatikia mahali pazuri.

Juzi Hamdu, sasa ndevu nyeupe, amekuja na kaseti ile. Mwanawe ameihamishia kwenye simu. Tukaisikiliza, na kwenye bao la kusawazisha akasimama vile vile kama zamani, magoti yanamuuma. Ikafika kona. Tak. Akawatazama wanawe, akawaambia, "Timu ya babu yenu haikushuka."

Barua ya ami imo kwenye mkebe wa biskuti, chini ya nyuzi zangu za kushonea, hatua tatu kutoka alipokaa. Hamdu ananidai dakika tatu. Nikaondoka kwenda kumimina chai.