Mfuniko wa Mtu

Mwezi ule wa kwanza Katesh sikukaa. Nasema kukaa chini, kama mtu anavyokaa kwake. Niliamka, nikafagia uani, nikafagia tena, nikaenda getini, nikarudi. Mke wa mwanangu akaniambia, "Mama, huo ufagio utakuja kulalamika." Akaniletea kiti cha plastiki, akakiweka kivulini karibu na tangi la maji. Nilikaa kidogo, nikainuka. Ukuta ulikuwa mrefu, na mlima Hanang niliuona kuanzia kifuani kwenda juu, kama mtu anayechungulia.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Bati jekundu, sakafu ya vigae vinavyoteleza, choo ndani kwa ndani. Iko upande wa kwenda Nangwa, kwenye viwanja vipya ambavyo zamani vilikuwa mashamba ya ngano. Mwenye nyumba alikuwa anahamia Babati, akakubali tuishi humo mwezi mmoja, ndipo tumalizane naye. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyekuwa ananunua, ila mshahara wake haukufika. Kilichobaki kilikuwa kitoke kwenye ng'ombe wangu wa kijijini Dirma, nilioachiwa na marehemu baba yao. Kwa hiyo neno lilikuwa langu. Nikisema ndiyo, zizi linauzwa nami nahamia mjini moja kwa moja. Nikisema hapana, narudi Dirma kwenye ng'ombe wangu na kaburi la mume wangu, na mwanangu anaendelea kupanga chumba.

"Mama, sikulazimishi," alikuwa ananiambia kila jioni. Halafu ananiangalia usoni.

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kichwa changu kinashika majina. Dirma namjua kila mtu, na baba yake, na babu yake, na kama jina lake lilitoka kwenye mvua au kwenye njaa ya mwaka aliozaliwa. Siyaandiki hapa, ni ya wenyewe. Ila pale mtaani sikuwa na hata moja. Geti linafunguka, pikipiki inaingia, geti linafungwa. Mbwa niliwajua kwa sauti zao. Wenye mbwa sikuwajua.

Sasa kwetu, mtu akihamia mahali, moto wa kwanza anaomba kwa jirani. Mama yangu aliomba. Mimi nilipoolewa niliomba kwa jirani wa mpakani, nikarudi na kaa jekundu juu ya kigae cha chungu, limefunikwa majivu. Toka siku hiyo walinihesabu mtu wa pale. Nikamwambia mwanangu: sitatoa neno mpaka niwashe moto wa jirani.

Alicheka mpaka akashika mlango. "Mama, hapa watu wanapikia gesi. Utaomba nini, mtungi?"

"Nitaomba moto. Wakinipa mtungi nitaubeba."

Asubuhi, alipokwenda kazini, nikajifunga shuka langu nikatoka. Kigae sikuwa nacho, vyungu viko Dirma, nikaenda mikono mitupu. Nilianza na geti la bluu, la jirani tunayepakana naye kwa nyuma. Nikapiga hodi sana. Sauti ya msichana ikajibu bila kufungua.

"Nani?"

"Jirani. Nimekuja kuomba moto."

"Umeme umekatika kwenu?"

"Umeme upo, mwanangu. Naomba moto tu."

Nikasikia ndara zinakwenda, zinarudi. Chini ya geti likatokea boksi la kiberiti, linasukumwa na kidole. "Chukua tu, bibi, hata usirudishe."

Nililiacha palepale. Nikasimama barabarani, upepo wa mlimani unanitia vumbi machoni, nikajiona mjinga kweli. Miguu ilitaka kwenda stendi. Lakini nikasikia harufu ya maharage. Nikaifuata mpaka geti la tatu, lililokuwa wazi nusu, na ndani kulikuwa na mwanamke wa makamo ameinama juu ya jiko la mkaa. Kajifunga ushungi, ni wa watu wa biashara, baadaye nilijua mumewe ana duka la vitambaa sokoni.

"Shikamoo, mama," akasema, akajifuta mikono. "Karibu."

"Marahaba. Wewe hupikii gesi?"

"Chai napikia. Maharage? Si yatanimalizia mtungi!"

Nikamweleza shida yangu. Hakucheka. "Moto wa kuhamia," akasema. "Bibi yangu kule Dongobesh alikuwa anasema hayo." Akachokoa jiko, akatoa makaa mawili mekundu, akatafuta cha kuyawekea. Akaokota mfuniko wa sufuria, wa zamani, umepinda, hauna kishikio. Akaniwekea na majivu juu.

Nilirudi natembea upande upande kama kaa wa mtoni, mgongo wangu ukikinga upepo. Dereva wa bodaboda akapunguza mwendo. "Bibi, unapeleka wapi hiyo nyama choma?"

"Kwa mkeo! Kasema hujaacha hela ya mboga!"

Uani nikaweka mawe matatu nyuma ya tangi, nikapuliza, moto ukashika. Mke wa mwanangu akatoka mbio. "Mama, utatuchafulia ukuta!" Lakini akachuchumaa akanisaidia kupuliza.

Jioni mwanangu akauona moto. "Haya, mama. Umepata. Tununue?"

"Bado. Nina kitu cha mtu."

Nikamwonyesha mfuniko. Chombo kilichobeba moto hakirudi hivi hivi. Kinarudi na kitu cha kwako. Mke wake akasema, "Si upeleke kilo ya sukari?"

"Sukari ni ya mwenye duka. Mimi nitakuwa nimetoa nini?"

Kitu changu kilikuwa maziwa, na maziwa yalikuwa Dirma. Basi nikazidi kuhangaika kuliko mwanzo. Nilikuwa napita jikoni naukuta ule mfuniko mezani, nauhamisha dirishani, nautoa dirishani nauweka chini ya kitanda, jirani asije akapita akauona umekaa tu. Mwishowe nikaufunga kwenye kanga, nikapanda gari la Dirma.

Mwanangu alinisindikiza stendi. Nilijua anawaza nini: huyu mzee harudi.

Na mimi, nisifiche, niliwaza hivyo hivyo. Nilipoona zizi langu moyo ulishuka mahali pake. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayeniangalizia ng'ombe, akanipokea kwa kejeli zake.

"Shemeji! Mji umekutema?"

"Bado unanitafuna."

Nilipita kaburini, nikang'oa majani. Nikamkamua yule ng'ombe mwenye baka jeupe, nikafukiza kibuyu kwa kijinga cha moto, nikajaza. Mke wa shemeji alikuwa amesonga ugali, amenitandikia kitanda changu. Nikala nimesimama. Nikatoka kuangalia barabara, nikarudi, nikatoka tena.

"Kaa basi," shemeji akasema. "Unakimbilia wapi na hapa ni kwako?"

"Gari la mwisho litaniacha. Nina mfuniko wa mtu."

Maneno hayo niliyasikia mwenyewe yakinitoka kinywani. Na yeye alisikia, maana aliacha kutania. Akabeba kibuyu mpaka barabarani.

Katesh sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye geti la maharage. Yule mwanamke akautazama mfuniko, akapiga kofi. "Mama! Huu? Nilishausahau. Ningeutupa!" Lakini akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akanusa. "Yana moshi."

"Ndivyo yalivyo."

Akaonja, akaonja tena. Akasema kibuyu atakirudisha, na akaniambia jina lake, jina kamili na la baba yake, bila kuulizwa. Nimeliweka kichwani pamoja na yale mengine ya Dirma.

Mwanangu nilimkuta amesimama getini. Nikamwambia, "Nunua. Ila mwenye baka jeupe asiuzwe. Aletwe hapa, tumjengee banda pale nyuma."

"Mama, banda? Hapa?"

"Basi usinunue."

Amenunua. Banda linajengwa, na mimi nazunguka mafundi mpaka wanachoka. Kibuyu bado hakijarudi. Nakwenda getini, narudi. Shemeji amenipigia simu ananiuliza nitakwenda lini kuwasalimia. Nimemwambia sasa hivi siwezi kutoka, kuna mtu ananiletea kitu changu.