Nimerudisha Bibi Yangu kwa Redio ya Lori

Leo nimerudisha bibi yangu, Mama Candia, kwa redio ya lori!

Asubuhi alikasirika, eti mimi sisikii mutu. Akapanda lori ya ndugu yake, wanaenda Koboko.

Mimi mbio kwa dereva mmoja hapa Arua, iko na redio ya kuongea na malori, hata ile ya shemeji. Sijawahi kushika, lakini mimi ni mimi. Nikafinya kifungo, nikanguruma, "Rudi sasa!"

Kimya.

"Unaona? Ananiogopa," nikamwambia dereva.

Dereva akacheka. "Mzee, achilia kifungo. Ukifinya, hawezi kujibu."

Nikaachilia. Bibi akatoka na moto: "Hata nyumbani ni hivyo hivyo! Nikirudi, utanisikiliza?"

Malori yote yanasikia.

"Ndiyo, Mama Candia." Nikaachilia kifungo mwenyewe, bila kuambiwa.

Sasa iko hapa, anaongea tu. Kesho natafuta redio yangu, yenye kifungo.

Nani mwingine Arua ameita bibi hivi? Andikeni!