Kompyuta mbili zilizonuniana mezani

Leo nimeishinda kompyuta, na shahidi ninaye.

Mnaijua ile mashine yangu kuukuu inayojizima ovyo. Ndani yake ndimo zilimo picha za nyumba yetu ya Molo, ile tuliyoiacha, na nakala nyingine hakuna. Sehemu za kuchomeka flashi zimekufa. Njia iliyobaki ilikuwa kuzipitisha kwa Wi-Fi hadi kwenye laptopu ya binti yangu, Nyambura, hapa kwake Bahati.

Kompyuta hizo mbili zikakataa kuonana. Na ziko meza moja!

Nyambura alizima na kuwasha kila kitu.

"Baba, wachana nayo tu. Hii kitu imekufa."

Nikamwambia anyamaze kidogo. (Ndiyo, nilimwambia hivyo. Nyumbani kwake.)

Nikasoma majina ya mitandao polepole. Laptopu yake ilikuwa kwenye mtandao wa nyumba. Yangu ilikuwa kwenye ule wa "Wageni", aliowafungulia akina mama wa chama chake cha akiba, ambao hauruhusu mgeni kufikia kompyuta za wenye nyumba.

"Nani alikuweka huko?"

"Nilijiweka mwenyewe, siku niliyohamia."

"Baba! Miaka yote hii, wewe ni mgeni wa nani?"

Nikamsogezea mashine yangu. Akaingiza nywila ya nyumba, na kompyuta zikaonana papo hapo.

Picha zote zimehama salama. Ya kwanza kufunguka ni ya mama yake Nyambura mlangoni, na debe la viazi, anacheka.

Mwenye kompyuta zilizonuniana azilete. Fundi nipo nyumbani, Bahati.