Seva Iliyosubiri Kuamkiwa

Siku hiyo ofisini kwetu Chemchem, tunakotengeneza programu za kompyuta, tulikuwa wanne: Mama Salma mwenye ofisi, Hamisi fundi wa mtandao, Mzee Kasanda wa ushirika wa asali wa Sikonge, na mimi. Mzee alikuja kuchukua programu yake. Akiikosa, kazi anaihamishia Dar.

Programu zetu huundwa na seva yenyewe, kompyuta kuu ya ofisi, ikifuata skripti, yaani orodha ya amri, niliyoiandika mimi. Nyumbani skripti haikuwahi kunisumbua. Siku hiyo niliiweka kwenye seva kwa mara ya kwanza, ikasimama na kuandika, "Hakuna jibu." Nikaizima seva, nikaiwasha. Hakuna jibu. Nikachomoa nyaya, nikapuliza vumbi. Wapi!

"Hamisi, mtandao wako umekufa, na wewe umekaa tu!"

"Mtandao ni mzima, kaka," alisema, lakini akapanda juu ya bati kukagua waya kwenye jua la saa saba.

Mama Salma akaifungua skripti, akaisoma kwa sauti: asiyeandika "shikamoo", kazi isiendelee.

Masikio yalinichoma. Mstari ule niliuweka mwenyewe, kwa ajili ya wadogo zangu ninaowalea tangu wazazi wafariki. Wanatumia kompyuta yangu, nami sikutaka wasahau adabu. Vidole vyangu vimezoea kuandika shikamoo hata sitambui. Seva ilikuwa peke yake, nani angeandika?

"Kwa hiyo hata mimi niiamkie?" aliuliza Mzee Kasanda.

Tukaufuta mstari, programu ikatoka. Juu ya bati Hamisi akaita, "Kaka, imekubali?"

"Imekubali!" nilijibu, wala sikusema kosa lilikuwa la nani. Bado ninadaiwa kumwomba radhi.