Nyumba Tuliyoipima kwa Kamba

Shule niliiacha darasa la tatu, na hata hilo la tatu sikulimaliza. Anayetaka maneno makubwa asome kwingine. Ninachokijua mimi ni ukuta. Ukuta wangu ukiuwekea timazi leo, urudi baada ya miaka thelathini, uzi utalala palepale. Nimejenga nyumba za mapadre, nyumba za wenye mabasi, na moja ya daktari aliyenikosoa kila siku mpaka siku aliyohamia. Lakini mimi mwenyewe, hadi watoto wangu wote wametoka shule, nilikuwa nimepanga vyumba viwili mtaa wa Sokon kwa mwenye nyumba anayehesabu ndoo za maji tunazochota. Mke wangu alikuwa akishuka na ndizi za shamba letu la mlimani kuziuza mjini, na jioni anarudi kuomba ruhusa ya kufua.

Ikaja miaka ya ruksa. Saruji, ambayo zamani uliipata kwa kibali na kibali ukakipata kwa kujuana, sasa ilipangwa dukani mpaka darini. Kila mtu akawa na kampuni. Kinyozi wangu alikuwa na kampuni. Muuza mitumba wa jirani alijiandika mkurugenzi kwenye ubao, na mkurugenzi mwenyewe alikuwa akilala juu ya marobota yake. Nikajiuliza, mimi nimepungukiwa nini?

Nikakumbuka kwamba nilipokuwa kijana, kabla ya uhuru, nilibeba zege kwa kampuni moja ya Wazungu. Iliundwa kuwajengea nyumba za bei nafuu Waafrika waliofanya kazi mjini: kampuni inatoa fedha, inajenga, na mtu analipa kidogo kidogo kila mwezi. Nyumba zile zimesimama hadi leo na hazina ufa hata wa kupitisha sisimizi. Nikasema tutaunda kama ile, ila safari hii wenye kampuni tuwe sisi.

Nilianza na watu wawili. Wa kwanza alikuwa karani mstaafu wa shamba la kahawa, Mmeru mwenzangu, mtu wa Kiingereza na kalamu mbili mfukoni. Huyo tukamfanya katibu. Wa pili alikuwa Mchaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nasi sote tukimwita Mangi. Akawa mhazini, kwa sababu hata tusingempa fedha zingeishia dukani kwake. Uenyekiti niliuchukua mimi. Hakuna aliyepiga kura, na hakuna aliyeuliza.

Wanachama walikuja wakafika kama thelathini, wengi wao wanaume waliojiandikisha kwa majina yao na kulipia hisa kwa fedha za wake zao. Siwasemi vibaya, hata mimi nilifanya hivyo. Hisa zangu zilikuwa ndizi tupu. Tukapata kiwanja Lemara, bei yake ikiwa na nafuu. Tukakubaliana nyumba ya kwanza iwe ya mwenyekiti, watu waione, waipende, ndipo tujenge nyingine.

Katibu akasema tutafute mchoraji wa ramani. Nikamwambia ramani ya nini, na nyumba yenyewe ipo? Jumapili moja baada ya ibada tukaenda sisi watatu kwenye zile kota za kampuni ya Wazungu, nimebeba kamba ya katani. Nilipima kama nilivyofundishwa ujana wangu: unanyoosha kamba, unafunga fundo penye kona, fundo jingine penye mlango, jingine penye dirisha. Wapangaji walipotuona na kamba wakadhani tumekuja kuwabomolea. Mama mmoja akaanza kutoa masufuria nje. Katibu akamtuliza kwa Kiingereza, na hapo ndipo akaanza kutoa na magodoro.

Nilipima kila kitu. Palikuwa na pete ya chuma iliyojengewa ukutani, kimo cha kiuno. Mangi akauliza ni ya nini. Nikamwambia imo kwenye nyumba isiyo na ufa, basi na sisi tutaiweka. Dirisha la chumbani lilikuwa dogo, limepandishwa karibu na paa. Nikalipandisha. Jiko lilikuwa nje, banda moja la kutumiwa na nyumba nne. Nyumba nne hatukuwa nazo bado, lakini banda tulilijenga.

Ukweli nisiufiche. Kuta zile zilikuwa nzuri. Nilizipiga lipu mwenyewe, nikakagua kila tofali kama mama mkwe anavyokagua mahari. Wakati huohuo mke wangu, ambaye sikumruhusu kuja kuchungulia mpaka siku ya kufungua, alimwendea mwenye nyumba wetu, akasimama uani mbele ya wapangaji wote, akamwambia kwamba mwisho wa mwezi tunahama, na ndoo zake atabaki kuzihesabu na nani. Watu wa Sokon walilirudia neno hilo wiki nzima. Sasa hapo hapakuwa na kurudi nyuma.

Siku ya kufungua tulialika mchungaji. Viti vilikodiwa, soda zikaja. Wanachama walikuja na wake zao, na wanawake wale hawakuniangalia mimi, walimwangalia mke wangu, kwa sababu wao walijua fedha zilitoka wapi. Katibu akasoma hotuba. Mke wangu akapewa ufunguo, akaingia peke yake.

Alikaa humo. Mchungaji amefungua kitabu, amesafisha koo, amefunga kitabu. Mangi akafungua soda ya pili. Hatimaye mke wangu akatoa kichwa mlangoni akaniita ndani, kwa sauti ya chini. Sauti hiyo naijua.

Akanionyesha ile pete. Akauliza ni ya nini.

"Ilikuwepo," nikasema.

"Na hili dirisha, mtu anachungulia kwa ngazi?"

"Ndivyo lilivyokuwa."

"Baba, naomba nikuulize. Kota zile waliishi akina nani?"

Nikamwambia waliishi vijana waliokuja kufanya kazi mjini. Hata mimi niliwahi kulala humo, wawili chumba kimoja, kila mmoja na kitanda chake chembamba.

"Na wake zao?"

"Walibaki mlimani."

Alinitazama mpaka nikasikia mwenyewe nilichosema. Mzungu wa kampuni ile hakumtaka mwanamke mjini, kwa hiyo hakumjengea mahali pa kukaa, pa kupika wala pa kupokea mgeni. Nami nimekwenda na kamba yangu, nikamfungia mafundo yote.

Akatoka nje, akawaambia watu soda wanywe lakini nyumba haitabarikiwa leo. Kisha akawaruhusu wanawake waingie waone. Waliingia watatu watatu, na kila kundi lilitoka likicheka zaidi ya lililotangulia. Jioni Mangi alinijia, uso umekauka, akasema wanawake wanataka hisa zao. Zikitoka hizo, kampuni itabaki ubao na sisi watatu.

Mtu mwenye akili angekubali hapohapo. Mimi nilinuna siku tatu. Siku ya nne nikaamua kuthibitisha kwamba nyumba inatosha. Mke wangu akiwa mjini na ndizi zake, nikamwita mtu wa mkokoteni, tukapakia kitanda chetu, tukakipeleka Lemara. Kitanda hicho ni cha mninga, zawadi ya mama yake siku ya harusi. Fundi aliyekitengeneza hakuamini misumari wala nati. Kimeunganishwa moja kwa moja, hakifunguki.

Mlango wa mbele tulipita kwa kukilaza ubavu. Kwenye mlango wa chumba nikatangulia mimi ndani, nikamwambia mwenzangu asukume. Akasukuma. Kikaingia nusu. Nikamwambia sukuma kiume. Alikuwa mtu mtiifu. Kitanda kikalia, kikakaza kwenye fremu, na tangu hapo hakikwenda mbele wala nyuma. Ubao wa kichwani uliziba mlango wote. Mimi nilikuwa upande wa dirisha, na dirisha hilo kichwa changu kilikuwa kinapita lakini tumbo la uenyekiti halikupita.

Mtu wa mkokoteni akaniambia, "Mzee, vumilia, naenda kutafuta msumeno." Badala ya msumeno akaenda kumtafuta mke wangu. Sijui nani alimfundisha busara hiyo.

Mke wangu akaja. Hakuja peke yake. Nilisikia kanga na viatu, nikasikia sauti za wale wanawake wenye hisa wakijizuia wasicheke. Akavuta kiti, nilisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu yangu, akakaa upande wa pili wa kitanda.

"Baba, umeshindaje humo?"

"Salama tu."

"Tumekuletea chai, lakini hatuoni pa kuipitishia."

Nikamwambia aite mtu wa msumeno. Aliponijibu, mzaha ulikuwa umekwisha sautini.

"Kitanda cha mama yangu hakikatwi. Nimemwambia mwenye nyumba tunahama, nimemwambia mbele za watu, na siwezi kurudi kumwomba. Nyumba hii naitaka kuliko wewe. Lakini nitaingia ikiwa na mimi nimo. Ukuta ama kitanda, chagua."

Watoto wangu wakisimuliwa kisa hiki hudhani nilifikiri sana. Sikufikiri. Niliziona zile siku za uani, mama huyu amesimama na beseni akingoja mtu amruhusu kufua, na mimi fundi mzima nimeujengea mji mzima. Nikasema waniletee nyundo.

Nyundo kubwa ilipitishwa dirishani, na mtu wa mkokoteni akapandishwa juu ya ndoo ili aifikishe. Nikaanza kupiga ukuta kando ya fremu. Haukutikisika. Nikapiga tena, ikatoka lipu kidogo. Nawaambieni ukweli, katikati ya aibu ile nilijisikia vizuri, maana ule ulikuwa ukuta. Nilivua shati. Wanawake walikuwa upande wa pili wakihesabu mapigo kwa sauti, na walipofika mahali wakachoka kuhesabu wakaanza kunipa ushauri. Mmoja akasema nipige chini. Nilipiga chini, na tofali la kwanza likatoka.

Nilipopita nilikuwa mweupe kichwa hadi viatu. Hakuna aliyenipigia makofi. Mke wangu alinipa chai, kisha akachukua chaki ambayo katibu aliisahau pale na kuchora sakafuni: hapa mlango mpana, hapa jiko liungane na sebule, hapa dirisha lishuke mpaka nimwone anayekuja. Wenzake wakamnyang'anya chaki. Mmoja alitaka stoo ya ndizi, mwingine mahali pa mgeni wa mlimani anayekuja kwa siku mbili na kukaa mwezi. Walibishana, wakafuta kwa kanga, wakachora upya. Katibu alipofika aliinama akanakili yote kwenye karatasi, na hiyo ndiyo ramani ya kwanza ya kampuni yetu. Hisa hazikutoka. Ila tangu siku ile kwenye mikutano wanawake walikaa mbele, na Mangi akalazimika kuwasomea bei za dukani kwake moja baada ya nyingine.

Mwisho wa mwezi ulitukuta jiko lina kuta tatu na halina bati. Nilimwambia mke wangu tumwombe mwenye nyumba wiki moja tu. Yeye akaendelea kufunga vyombo. Tulihama asubuhi, wapangaji wote wakitazama, yeye mbele ya mkokoteni amevaa gauni la kanisani. Mchana ikashuka mvua kutoka mlima Meru. Akawasha moto vilevile, akapika loshoro, makande yetu ya maziwa mgando, nami nikasimama juu yake nimeshika mwavuli. Wanachama waliokuwa wakipita barabarani walinisalimia, "Shikamoo mwenyekiti." Nikaitikia marahaba kila mara, bila kugeuza kichwa, maana kila nilipogeuka mwavuli ulihama, na mama alinikumbusha kwamba sufuria linalolowa ni lake.